Sigerson Kando ya Ziwa: mwongozo kamili wa kuigiza kwa maandishi na wahusika wa hadithi za kale

Uigizaji wa maandishi ni hadithi inayoandikwa mtandaoni na watu kadhaa kwa zamu, kila mmoja akiwa ameshika mhusika wake na kusema kwa kinywa cha mhusika huyo. Hakuna mshindi wala pointi. Mwongozo huu unahusu tawi moja tu la mchezo huo: kuwachukua wahusika ambao tayari wana hadithi yao ya zamani na kuwaleta mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza mpaka Ukerewe na Bukoba.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mhusika wa kuazima naye ni hivyo hivyo. Ukibuni mtu wako mwenyewe hakuna wa kukubishia, lakini ukimchukua Sherlock Holmes, mpelelezi wa vitabu vya Kiingereza (ndiye Sigerson wa kichwa cha mwongozo huu, sababu iko Hatua ya 2), kila mwenzako ana Holmes wake kichwani: mmoja kamtoa kitabuni, mwingine kwenye filamu, wa tatu kamsikia tu kwa watu. Ugomvi mwingi wa grupu hizi unaanzia hapo, si kwenye uandishi mbovu. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla sentensi ya kwanza ya hadithi haijaandikwa, na hatua za mwanzo hapa chini ndizo ndefu.

Hatua ya 1: Hakikisha mhusika anaazimika

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya maandishi hapa Tanzania kwa uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kenya na Uganda nao wanahesabu miaka 50. Uingereza wanahesabu 70, na Marekani vitabu vya zamani huhesabiwa miaka 95 tangu vilipochapishwa. Kama mna mwenzenu Kisumu, mwingine Entebbe na mmoja aliyehamia Ulaya, fuateni hesabu iliyo kali kuliko zote, basi.

Arthur Conan Doyle, aliyemwandika Holmes, alifariki 1930, kwa hiyo Holmes wa vitabuni yuko huru kwa hesabu ya 50 na ya 70. Hata Marekani, hadithi zake za mwisho zilitoka kwenye ulinzi Januari 2023. Sindbad, Abunuwasi na Fumo Liyongo hawana shida yoyote. Shaaban Robert anahitaji uangalifu: alifariki 1962, hivyo hapa nyumbani miaka 50 ilitimia 2012, lakini kwenye nchi za miaka 70 ulinzi unaendelea mpaka 2032.

Watu wa kanda ya ziwa hukimbilia haraka kuwachukua Myombekere na Bugonoka wa Ukerewe, na inaeleweka kwa nini. Lakini Aniceti Kitereza, ingawa aliikamilisha hadithi yao kwa Kikerewe mwaka 1945, alifariki 1981. Ulinzi wake Tanzania unafika 2031. Kucheza faraghani na marafiki watano hakutamuumiza mtu, ila msiweke hadharani wala msiuze. Mkitaka Mkerewe wa zama hizo, mbuni wenu, mpeni jina lake na shida zake.

Ngano za Kisukuma hazina mwandishi mmoja. Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na mifugo, na Masala Kulangwa, kijana aliyelishinda, ni mali ya wasimuliaji wote. Hapo pia kuna mpaka: sheria hiyohiyo ya 1999 ina sehemu inayogusa sanaa jadi, na kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili kunahitaji kibali. Kucheza bure hakuingii humo.

Mtego wa mwisho katika hatua hii ni filamu na tafsiri. Kitabu kinaweza kuwa huru huku filamu iliyotokana nacho ikiwa bado ina mwenyewe. Kiumbe cha Frankenstein katika kitabu cha 1818 kinasoma, kinajadiliana na kinalalamika kwa ufasaha. Lile pande la mtu lenye vyuma shingoni na lisilojua kuongea ni la filamu ya 1931. (Na Frankenstein ni jina la aliyekiumba, si la kiumbe. Mchezaji asiyelijua hilo hajakisoma kitabu, msimpe nafasi hiyo.) Tafsiri mpya ya Kiswahili nayo ni kazi ya mfasiri. Someni, lakini msinakili aya zake kwenye mchezo.

Hatua ya 2: Kubalianeni ni Holmes yupi, na wa lini

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayogharimu. Kusema "mimi nitakuwa Holmes" hakutoshi. Andikeni mambo mawili: mnafuata maandishi yapi, na mhusika anachukuliwa akiwa amefikia wapi katika maisha yake. Kila linalotokea baada ya hapo kwenye kitabu halijamtokea, na hawezi kulijua.

Njia nzuri kuliko zote ni kutafuta pengo, yaani kipindi ambacho mwandishi mwenyewe amekiacha wazi. Holmes analo pengo zuri ajabu. Mwaka 1891 anadhaniwa kufa kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi. Anarudi London 1894 na kueleza kwa sentensi chache tu kwamba alisafiri Tibet, Uajemi, Maka na Khartoum, na kwamba sehemu ya safari hizo aliandikwa magazetini kama mvumbuzi wa nchi za mbali kutoka Norway aitwaye Sigerson. Miaka mitatu mizima, na habari zake hazijazi hata ukurasa. Kumweka Mwanza mwaka 1893 hakuvunji neno lolote la kitabu.

Pengo hilo linakuja na masharti yake, na hapo ndipo mchezo unapopata utamu:

- Ziwani hakuna anayemwita Holmes. Anaitwa Sigerson. Mchezaji atakayeandika "Karibu, Bwana Holmes" amekwisha kosea.
- Dk. Watson anaamini rafiki yake amekufa. Hawezi kuwa naye kwenye tukio, wala kumwandikia barua. Anayemtaka Watson lazima acheze London, peke yake, au achague mtu mwingine.
- Wanaojua kwamba yu hai ni kaka yake Mycroft, anayemtumia pesa, na Kanali Moran, aliyemwona akinusurika. Mkitaka adui wa kumfuata mpaka Ukerewe, mwandishi amekwisha kuwapa.

Fanyeni hivyo kwa kila mhusika. Kwa Abunuwasi na Sindbad kazi ni nyingine, maana wote wawili ni watu wa Baghdad ya Harun Rashid, aliyetawala kuanzia 786 hadi 809. Kuwafikisha ziwani karne ya tisa kunadai njia ambayo hakuna hadithi iliyoitaja. Kuwaleta 1893 kunadai jini au ndoto. Vyote vinawezekana. Kisichofaa ni kuwaleta bila kueleza, kwa sababu mchezaji wa tatu atauliza "kwani huyu ana miaka mingapi?" na hadithi itageuka mjadala. Ushauri wetu: mchezo wa kwanza uwe na wahusika wa zama moja. Kuchanganya dunia kunawafaa waliokwisha kuzoeana.

Kisha kila mchezaji aandike karatasi ya mhusika, isiyozidi maneno 200. Ndefu zaidi ya hapo haisomwi. Iwe na jina analojulikana kwalo ndani ya hadithi, chanzo na mahali anapochukuliwa, mambo matatu ambayo hayabadiliki, jambo moja mnalolibadilisha kwa makusudi, anachokitaka sasa hivi, anachokificha, na lugha anazozijua. Kwa Sigerson wetu, yasiyobadilika ni haya: huangalia kabla ya kusema, huchoka vibaya akikosa fumbo, na hajali cheo cha mtu. Lililobadilishwa: anazungumza Kiswahili cha misafara alichojifunza njiani kutoka Bagamoyo.

Anachokitaka ndiyo sehemu inayojazwa ovyo. "Anataka haki" hakumpi mwenzako pa kushika. "Anataka kumpata mpagazi aliyetoweka na sanduku lake kabla msafara wa Tabora haujaondoka" kunampa mpagazi, mwenye msafara na mwenye mtumbwi kitu cha kufanya.

Vyanzo msivinunue. Hadithi za Holmes, riwaya nne na hadithi fupi 56, zinapatikana bure kwa Kiingereza kwenye tovuti ya Project Gutenberg, na faili la maandishi matupu la mkusanyiko wa kwanza wenye hadithi 12 halifiki MB 1. Yule anayemshika mhusika asome angalau hadithi tatu. Kofia ya masikio tunayoijua ilitoka kwa mchoraji Sidney Paget, bomba la tumbaku lililopinda lilitoka jukwaani, na ile kauli yake maarufu ya kumwambia Watson kwamba jambo ni rahisi haimo kwenye vitabu kwa maneno yale.

Hatua ya 3: Ujue mwambao wa mwaka wenu

Mkishachagua mwaka, andikeni orodha ya vilivyokuwepo na visivyokuwepo. Mwanza ya leo itawaponyoka kwenye kalamu msipojichunga. Kwa 1893 orodha inaanza hivi.

Reli hakuna, treni ilifika Mwanza 1928, na ile ya Kenya iligusa ziwa huko Kisumu mwaka 1901. Meli ya mvuke hakuna. Usafiri wa majini ni mitumbwi, ikiwemo ile mikubwa ya mbao za kushonwa ya Waganda, na mashua chache za tanga. Shilingi hakuna: mnalipana kwa shanga, vitambaa vya merikani na kaniki, na majembe ya chuma. Sangara hayumo majini! Aliletwa ziwani miaka ya 1950, kwa hiyo Sigerson akikaribishwa chakula Ukerewe ataletewa ngege, kamongo, kambare au dagaa. Magugu maji yanayoziba fukwe nayo ni ya mwishoni mwa miaka ya 1980.

Vilivyokuwepo vina uzito zaidi. Sotoka ilikuwa imetoka kufagia ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwa hiyo mwenye zizi lililojaa mwaka 1893 ni mtu wa kutiliwa shaka, na hapo mna kesi nzima. Wajerumani walikuwa wameanza kuweka vituo: Bukoba iliasisiwa na Emin Pasha Novemba 1890. Wamisionari wa White Fathers walikuwa tayari Bukumbi. Kwenda Ukerewe kutoka bara unavuka mlango mwembamba wa Rugezi, na mlango mwembamba wenye wapiga makafi wachache ni mahali pazuri pa kumnasa mtu anayesema hakuvuka.

Mkiamua kucheza zama za sasa, kazi hii inapungua lakini haiishi. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa 2025, vituko vyote vya kusubiri kivuko usiku pale vilibadilika. Andikeni ni kabla au baada.

Hatua ya 4: Chumba cha kuchezea

WhatsApp kila mtu anayo, na huo ndio uzuri wake wote. Ubaya wake: namba ya simu inaonekana kwa wanagrupu, na ujumbe unaweza kuuhariri kwa dakika 15 tu. Telegram inakuruhusu kuficha namba na kutumia jina, kuhariri kwa saa 48, kumwonyesha mgeni mazungumzo yote ya nyuma, na kugawa grupu moja kwa mada. Kwa watu wasiofahamiana ana kwa ana, chagueni Telegram. Kwa marafiki wa mtaa mmoja wa Igoma au Nyegezi, WhatsApp inatosha.

Popote mtakapokuwa, tenganisheni vyumba vitatu. Cha kwanza ni jukwaa: humo huingia hadithi tu. Cha pili ni uani: maswali, mizaha, kuomba ruhusa, kulaumiana. Cha tatu ni kabati: karatasi za wahusika, orodha ya mwaka, muhtasari. Kabatini anaandika msimamizi peke yake. Mkivichanganya, baada ya siku nne hakuna atakayeona hadithi ilipoishia katikati ya stika na salamu za "habari za asubuhi wapendwa".

Ikibidi kusema jambo la nje mkiwa jukwaani, wekeni mabano mawili: ((umeme umekatika, narudi saa tatu)). WhatsApp hugeuza maneno yaliyo kati ya vinyota kuwa manene na yaliyo kati ya vistari vya chini kuwa ya kulala. Tumieni ya kulala kwa mawazo ya mhusika na mengine yaacheni yalivyo. Maandishi hayali bando. Kinachokula bando ni picha na sauti. Zuieni voisi noti jukwaani, si kwa ajili ya bando tu bali kwa kuwa haziwezi kutafutwa baadaye.

Hatua ya 5: Masharti machache yasiyovunjwa

Wachezaji wanne hadi saba, na msimamizi mmoja. Chini ya wanne, mtu mmoja akikosa mtandao kila kitu kinasimama. Zaidi ya saba, wa mwisho anasahau tukio lilikuwa nini.

Sharti la kwanza: mhusika wa mwenzio haendeshwi. Unaandika unachofanya na unachojaribu kufanya. Matokeo juu ya mwili na moyo wa mwenzako anayaandika yeye. "Alimsukuma akaanguka majini" ni kosa. "Alimsukuma kuelekea ukingoni" ni sawa, kuanguka au kushika kamba ni uamuzi wa mwenye mhusika.

Sharti la pili: anachokijua mchezaji si anachokijua mhusika. Umesoma jukwaani kwamba sanduku limefichwa Ukara kwa sababu mchezaji mwingine aliandika hivyo. Mtu wako hakuwepo, kwa hiyo hajui. Sharti hili ni gumu kuliko linavyoonekana, hasa kwa mhusika maarufu, kwa sababu mchezaji hubeba hata ujuzi wa kitabu kizima. Njia ya kulisaidia: msimamizi aweke juu ya kila tukio mstari unaosema mahali, saa na waliopo. "Ufukwe wa Rugezi, alfajiri. Waliopo: Sigerson, mzee wa mtumbwi, mpagazi." Asiyetajwa hana masikio.

Sharti la tatu linahusu wahusika wenye nguvu kupita kiasi, na hapa tutakaa kidogo. Holmes akichezwa na mtu mwenye haraka atafumbua kila kitu kwenye zamu ya pili kwa dalili alizozibuni mwenyewe: "aliona chembe ya udongo wa Sengerema kwenye kiatu, akajua". Wengine wanabaki wapiga makofi. Dawa yake ni kanuni moja: Holmes haruhusiwi kutumia dalili ambayo haijaandikwa na mtu mwingine kabla. Na asitoe hitimisho kabla ya dalili tatu. Ghafla mchezaji wake anaanza kusoma zamu za wenzake kwa makini, akitafuta tope, kovu, maneno yasiyolingana; nao wanajifunza kuacha vitu vidogo njiani kwa ajili yake. Akili ya mhusika inakuwa kazi ya grupu nzima, ambalo ndilo suluhisho pekee, maana hakuna kati yetu aliye Holmes.

Kwa zimwi kama Shing'weng'we tatizo ni kinyume: likimeza mtu, mchezaji anakosa cha kufanya. Ngano yenyewe ina jibu, kwani waliomezwa hutoka hai zimwi linapopasuliwa. Fungueni mada ya pili iitwayo "Tumboni". Waliomezwa waendelee humo, gizani, pamoja na ng'ombe.

Sharti la nne ni usalama, na halina mjadala. Kila anayeingia aseme kama ametimiza miaka 18. Palipo na aliye chini ya hapo hakuna mahaba kwenye hadithi, na hakuna kuitana faraghani. Kila mchezaji aorodheshe mambo asiyotaka yaandikwe kabisa, bila kudaiwa sababu. Jambo likiwa zito katikati ya tukio, yeyote anaandika ((pazia)) na tukio linakatika hapo hapo, mnaanza na asubuhi yake. Wala msicheze watu halisi walio hai, awe mbunge, mchungaji au jirani.

Lipo la tano, ambalo watu wa huku wanalielewa kuliko wengine. Ujumbe wa hadithi ukitumwa nje ya grupu unakuwa habari. "Mtumbwi wa Nansio umezama, watu kumi hawajaonekana" ni sentensi ya kawaida jukwaani. Ikifika kwenye grupu ya familia, mtu atakimbilia Mwaloni Kirumba akilia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo haicheki na taarifa za uongo. Kila zamu ianze na alama ya grupu na mwaka, kwa mfano "[HADITHI 1893]", na matukio ya ajali, maradhi ya mlipuko na mauaji yaandikwe na alama hiyo mwanzoni na mwishoni.

Hatua ya 6: Kuandika zamu

Urefu mzuri ni maneno 50 hadi 150. Mistari miwili haimpi mwenzako cha kujibu, na maneno 400 kwenye skrini ya simu hayasomwi mpaka mwisho. Kila zamu iwe na vitu vitatu: itikio kwa kilichotangulia, tendo au neno jipya, na mlango ulioachwa wazi.

Tuseme mchezaji wa mzee ameandika kwamba anaota jua ufukweni, mtumbwi umefunikwa, na kafi limelala mchangani likichuruzika maji. Zamu mbaya ni hii:

"Sigerson alifika akamwangalia mzee. Mzee akaogopa, akamwambia kila kitu, wakaondoka pamoja kwenda Ukerewe."

Mzee ameendeshwa, fumbo limeisha, na hakuna pa kuingilia. Iliyo bora:

"[HADITHI 1893] Sigerson hakumtazama mzee kwanza. Alisimama juu ya jiwe mpaka upepo ulipotulia, kisha akachutama karibu na kafi na kulipitishia kidole. 'Mwangaluka, baba,' alisema, kwa Kisukuma cha kubabaisha, halafu akageukia Kiswahili. 'Jana niliambiwa kwamba hakuna aliyevuka tangu juzi.' Akakipangusa kidole kwenye kaniki aliyojifunga begani, taratibu, akasubiri. _Mtu anayedanganya mapema namna hii ama anaogopa, ama amelipwa._"

Dalili ni ya mwenzake. Swali halijaulizwa wazi, kwa hiyo mzee ana njia tatu za kulikwepa. Wazo la ndani msomaji analiona, mzee halioni.

Lugha ni suala la kuamua mapema. Mhusika wa Uingereza akisema Kiswahili asiongee kama kitabu kilichofasiriwa, wala asiongee kama kijana wa stendi ya Nyegezi. Mpeni Kiswahili sanifu kilichonyooka kidogo kupita kiasi, na makosa machache ya kudumu, yaleyale kila mara, mfano kuchanganya ngeli. Mzee haitwi jina lake: ni "baba" au "mzee", naye anaweza kumwita Sigerson "mwanangu" hata akimchukia. Salamu ya Kisukuma ya asubuhi ni mwangaluka, ya jioni mwadila. Msizidishe maneno ya kilugha ambayo hakuna mchezaji anayeyajua vizuri. Mchezaji Msukuma atayasahihisha kwa furaha, lakini mkibuni ataondoka.

Hatua ya 7: Mwendo na kumbukumbu

Zamu ya mzunguko mkali inaonekana ya haki, ila ihesabuni: watu watano, kila mmoja na saa 48, mzunguko mmoja unaweza kula siku kumi. Bora zamu huru yenye kizuizi: yeyote aandike, ila asirudi kabla wengine wawili hawajaandika. Aliyekwama zaidi ya saa 72 bila taarifa, msimamizi anamsogeza mhusika wake kando kwa sababu ndogo, amelala, ameenda kuteka maji, bila kumuua wala kumsemesha.

Pangeni ratiba kwa maisha ya watu mlionao. Mwenye kazi kwenye dagaa hapatikani usiku wa giza, kwa kuwa ndipo taa zinapovuta samaki. Mbalamwezi ikiwa kamili anapumzika na ataandika kuliko wote. Mapambano makubwa yawekeni siku hizo. Visiwani mtandao husuasua, kwa hiyo afundishwe kuandika kwenye daftari la simu kwanza, kisha abandike.

Kila Jumapili msimamizi aweke kabatini muhtasari wa mistari kumi: nani yuko wapi, nani anajua nini, vitu gani viko mikononi mwa nani, ni siku gani ndani ya hadithi. Mstari wa "nani anajua nini" ndio utakaozima ugomvi mwingi. Ikitokea kosa lisilovumilika, kwa mfano mtu ameandika filimbi ya treni usiku wa 1893, lirekebisheni ndani ya siku mbili au liacheni. Kufuta zamu za wiki iliyopita kunavunja moyo wa wote waliojenga juu yake. Filimbi inaweza kugeuka baragumu. Mara nyingi inatosha.

Mchezaji akijitoa, mhusika wa kuazima si wake, ndiyo faida ya kuazima. Mwingine anaweza kumchukua kwa karatasi ileile, na aliyebuni mtu wake mwenyewe anaondoka naye. Liandikeni hili mapema, maana siku ya kuagana hakuna atakayelikubali kwa utulivu.

Mchezo mmoja upangiwe mwisho tangu mwanzo: zamu 60 hadi 100 zinatosha fumbo moja. Sigerson naye lazima atoke ziwani kwa wakati, kwani 1894 anatakiwa London na hakuna ruhusa ya kumchelewesha. Zikikaribia kumi za mwisho, msimamizi atangaze uani, kila mtu afunge uzi wake mmoja. Baada ya hapo hamisheni gumzo lote kuwa faili, na kabla ya kumpa yeyote nje ya grupu, ondoeni namba za simu, majina halisi na kila kilichoandikwa kwenye mabano mawili, kisha ombeni kibali cha kila aliyeandika, kwa sababu maneno ya kila zamu ni mali ya aliyeyaandika hata kama mhusika si wa mtu.